Nguruwe wa Maandishi

Ukikaa mbele ya ile skrini nyeusi, mwanangu, kabla hujafanya lolote andika pwd, kisha bonyeza Enter. Mashine itakujibu uko kwenye folda gani. Usinicheke. Nimeona watu wazima na akili zao wakihangaika asubuhi nzima na faili wanalosema limepotea, kumbe faili halikwenda kokote, wao ndio wamepotea. Kwetu Igamba mgeni haingii uani kwa watu akaanza kuagiza maji ya kunywa. Anapiga hodi kwanza, anajua hapa ni kwa nani. Kwenye kompyuta ni hivyo hivyo.

Mmeniomba niwaandikie nyie mnaoanza kazi. Haya, ila msitegemee mpangilio. Nilikuwa fundi wa maabara ya mifugo, kituo kidogo hapa Mbozi, wakati wote tukiwa bado mkoa wa Mbeya. Mkoa wenu mpya mimi sikuutumikia. Nimepima kinyesi cha ng'ombe, damu ya mbuzi, wengu wa nguruwe, na miaka ya mwisho mwisho nikapima maandishi. Hilo la mwisho watu hawalielewi. Kirusi cha ugonjwa kina vinasaba, na vinasaba vikisomwa kwenye maabara kubwa vinarudi kwako kama faili la herufi nne, A na C na G na T, mistari na mistari, mpaka macho yanalegea. Marehemu mume wangu aliwaambia majirani kwamba mama yenu siku hizi anapewa mshahara wa kutazama herufi nne. Hakukosea sana.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Sampuli ilisafiri ndani ya chupa ya chai, na barafu tuliiomba kwenye baa za Tunduma. Siku moja nimetoka Momba na damu ya ng'ombe, nimepanda basi la Mbeya, chupa nimeipakata. Jirani yangu alikuwa mama mfanyabiashara kutoka ng'ambo, Mzambia, mchangamfu kweli. "Mayo," akaniambia, yaani mama kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hiyo chai utakunywa peke yako?" Nikamjibu ukweli, kwamba hii ni damu. Nilipaswa kusema ni ya ng'ombe, lakini kabla sijafika huko alikwishahama kiti, na habari ikamtangulia mpaka kwa dereva. Nilikaa kiti cha watu wawili peke yangu hadi Mbeya, nimenyoosha miguu. Tangu siku hiyo nilikuwa nawajibu wote hivyo hivyo.

Aliyetufundisha skrini nyeusi ni Shabani, kijana wa Tunduma, mtoto wa mwenye malori ambaye asili yake ni Kigoma. Alikuwa amesomea kompyuta, akaja kwetu kwa mkataba. Mwislamu safi, swala haimpiti. Siku ya kwanza akaliona friji letu, akauliza mle kuna nini. Nikamwambia nguruwe. Alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Sasa Mama Tumaini, itakuwaje?"

"Wewe hutagusa kitu. Mkononi utashika herufi tu."

Akafikiri kidogo. "Nguruwe wa maandishi sina ugomvi naye," akasema, akavuta kiti akakaa. Ofisi nzima tukalichukua jina hilo. Mtu akikupigia simu unamwambia niache kidogo, niko na nguruwe wa maandishi.

Shabani alikuwa mwalimu mzuri kwa sababu alikuwa anakosea mbele yetu. Nitawapa mfano, na mfano huu muushike kwa mikono miwili. Faili za vinasaba zina kawaida yake: kila sampuli inaanza na mstari wa jina, na mstari huo unaanza na alama hii ya kubwa-kuliko, >. Chini ya jina ndipo herufi zinafuata. Ukitaka kuona majina yote unaiagiza grep, ambayo kazi yake ni kutafuta neno ndani ya faili, ikutafutie mistari yenye alama hiyo. Lakini alama hiyo lazima uifunge kwa alama za kunukuu. Usipoifunga, mashine inaelewa kwamba unataka kumimina kitu ndani ya faili, na kabla ya kumimina inamwaga kwanza kilichokuwemo. Haikuulizi. Haisemi pole.

Basi Shabani akataka tuione hatari kwa macho. "Nimetengeneza nakala," akasema, "tazameni nakala inavyokufa." Akaandika bila alama za kunukuu, akabonyeza Enter, faili likawa jeupe. Tukapiga makofi. Akaandika pwd, akasogea karibu na skrini. Akaandika ls, ambayo inakuorodheshea vilivyomo kwenye folda, akasogea zaidi. Halafu akavua kofia yake akaiweka mezani.

"Jamani," akasema, "hii haikuwa nakala."

Mwenzangu Atu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka baadaye, nyumbani, maana ilibidi tuiombe maabara kubwa itutumie faili upya, na mtandao wetu wa siku zile ulikuwa wa kubembeleza. Faili lilipofika, Shabani akatufundisha chmod, amri ya kulifunga faili lisiandikwe juu yake. Faili la asili linafungwa siku linapoingia. Unalisoma, unalinakili, lakini huligusi. Mkikumbuka hilo tu katika yote niliyoandika, nimelipwa.

Mengine ni madogo ila yatawaokoa. Msiweke nafasi ndani ya jina la faili. Ukiliita "majibu ya nguruwe", mashine itatafuta faili tatu, na haitaona hata moja. Wekeni mstari wa chini kati ya maneno. Tumieni kitufe cha Tab: andika herufi za mwanzo za jina, bonyeza Tab, mashine imalizie. Ikikataa kumalizia, ama jina umelikosea ama hauko ulipodhani uko. Na rm, ile ya kufuta, muiogope kama moto wa makapi. Hapo hakuna pipa la taka la kwenda kufukua. Kikienda kimekwenda.

Sasa Atu. Jina lake linatosha hivyo. Alikuwa Mndali wa Ileje, ameolewa Isansa, na mapokezi yote ya sampuli yalikuwa yake. Lebo aliandika yeye: jina la mwenye mfugo, kijiji, tarehe. Jina hilo hilo ndilo lilikwenda maabara kubwa na kurudi kwetu ndani ya faili: Nzunda_Ihanda, Haonga_Igamba, namna hiyo, na tarehe mwishoni. Leo nitawaambia sampuli iandikwe namba, kwisha. Wakati ule tuliandika watu.

Kisha homa ya nguruwe ikaingia Mbozi. Nyie mmeisoma vitabuni. Haina chanjo wala dawa. Nguruwe anagoma kula, masikio yanawiva mekundu, siku si nyingi unamzika. Isansa mabanda yalibaki na nzi tu. Watu waliosomesha watoto kwa nguruwe waliamka hawana kitu, na mtu aliyeumia hutafuta wa kumbebesha. Wakampata mzee mmoja anaitwa Ambakisye, kwa sababu zizi lake ndilo lilianza. Wakasema aliuona ugonjwa akauficha, akachinja wagonjwa, akauza nyama kimyakimya, ndiyo ikaeneza.

Kijiji kilikuwa na sheria yake: anayeficha ugonjwa wa mifugo anatengwa. Na kutengwa Isansa si kununiwa tu kwenye pombe. Ukifiwa, hawaji. Unachimba kaburi na wanao, mnabeba wenyewe, mnarudi wenyewe. Mke wa mzee Ambakisye alikuwa mgonjwa wa kitandani, na kila mtu alijua anakoelekea. Mzee hakuogopa faini wala maneno. Aliogopa kumzika mkewe kama mwizi.

Alipoitwa mkutanoni alijibu neno moja. Hakuficha, nguruwe wa kwanza alipokufa, maabara walikuja wakachukua sampuli. Wakamuuliza nani alikuja. Akasema watu wa maabara. Nani kwa jina? Akanyamaza, na kunyamaza kwake wakakuhesabu kuwa uongo.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji na bwana mifugo wakaja kwangu. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima wa Kindali, wa maneno machache. Bwana mifugo alikuwa kijana mgeni, ametokea Morogoro, mchapakazi, hana makuu. Atu hakuwepo. Alikuwa bondeni Momba kwenye chanjo ya ng'ombe wa wale wafugaji waliohamia, na huko simu ilikuwa ya kuangalia saa tu.

"Mama, shikamoo. Tunaomba utuangalizie," akasema bwana mifugo. "Ambakisye wa Isansa. Yupo au hayupo?"

Nikaandika grep -i ambakisye na jina la faili. Hiyo -i inaiambia isijali herufi kubwa na ndogo. Nikabonyeza Enter. Hakuna kilichokuja. Mstari mtupu, na kile kijiti cha kuandikia kinawaka na kuzima.

"Hayupo," akasema mwenyekiti, akainuka.

"Kaa kwanza, Mwenyekiti."

"Nikae nini tena, mama? Mashine imekataa."

"Mashine haijakataa. Imesema haijaona neno nililoliandika mimi. Haijasema mzee ni mwongo."

Aliniangalia kama naitetea kesi ya ndugu. Wala mzee sikuwa namfahamu. Lakini hilo Shabani alitupigilia kichwani: grep ikirudi mikono mitupu, usitangaze msiba, zunguka nyumba uingie mlango mwingine, kisha fungua faili usome kwa macho yako. Nikazunguka. Badala ya mtu nikatafuta kijiji, Isansa. Yakaja majina mengi, maana Isansa iliumia. Nikayasoma moja moja na tarehe zake. La kwanza kabisa, kabla ya nguruwe wa mtu mwingine yeyote kufa, lilikuwa limeandikwa hivi: BABA_Isansa.

"Baba nani?" akauliza bwana mifugo.

Nilikuwa nimeanza kuelewa. Mwenyekiti naye alikuwa ameinamia skrini. Nikawaomba wasubiri mpaka Atu arudi, na wakija waje na mzee mwenyewe.

Nyie vijana wa kuja huenda hamjui, kwa hiyo niwaeleze. Kwa Wandali, mkamwana, yaani mke wa mtoto, halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji kwa mtu, halitaji kwa kunong'ona, na mwingine akiwa na jina hilo hilo naye hamtaji, atamwita baba fulani. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia shambani mzee apite. Hawakai chumba kimoja. Na mzee naye hamtaji mkamwana mbele za watu, ni kumvunjia heshima. Sisi Wanyiha tunayo ya kwetu yanayofanana, ila wenzetu wamekaza zaidi. Nimefanya kazi na Atu miaka, nimejua uji anaoupenda na mtoto wake anayemsumbua, lakini jina la baba mkwe wake sikuwahi kulijua. Ningelijuaje?

Aliporudi Momba, mavumbi mpaka kwenye kope, nikamwonyesha ule mstari. Akakaa chini polepole.

"Mama, ulitaka niandikeje?"

"Ningekuwa wewe ningeandika hivyo hivyo," nikamwambia.

Akanisimulia. Alikuwa amekwenda nyumbani mwisho wa wiki, akakuta nguruwe amekufa. Mzee akatuma neno kupitia kwa mkewe mgonjwa kwamba mwanangu wa maabara aje aangalie, kisha yeye akashika panga akaenda migombani, akakaa huko mpaka Atu akamaliza kupasua, akachukua wengu, akanawa, akaondoka. Hawakuonana. Kwa hiyo mtoaji hakuweza kumtaja aliyechukua, na mchukuaji hakuweza kumtaja aliyetoa, na mzee alikuwa tayari kuzika peke yake kuliko kulitaja jina la mkwe wake kwenye mkutano wa kijiji. Mimi si mtu wa machozi. Lakini nasema wazi, niliwahurumia wote wawili, na nikakasirika pia, sijui nilimkasirikia nani.

Walikuja. Mwenyekiti na bwana mifugo wakaingia. Mzee Ambakisye hakuingia, alibaki nje karibu na dirisha, mgongo ametugeuzia, anatazama mikaratusi. Atu alikuwa amevaa koti jeupe la kazi, na juu ya koti amejifunika khanga kichwani.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nitajie herufi sikioni, niandike mimi."

Akatikisa kichwa. Hata herufi hawezi. "Lebo niliandika mimi," akasema. "Nikimwachia mtu mwingine watasema jina limeingizwa."

Faili la asili lilikuwa limefungwa, na ndivyo inavyotakiwa. Akatumia sed, ambayo inabadilisha neno kwa neno na kukuonyesha kwenye skrini tu, faili lenyewe linabaki lilivyo. Unaandika sed, herufi s, mkwaju (alama ya /), neno la zamani, mkwaju, neno jipya, mkwaju. Akaandika BABA haraka, akaweka mkwaju wa pili, akasimama. Atu huyu alikuwa anachapa kwa vidole vyote bila kutazama kibodi. Sasa akatoa kidole kimoja. A. Akapumua. M. Uso ameugeuzia ukutani, kidole kinatafuta herufi chenyewe. Bwana mifugo alitaka kusema kitu, mwenyekiti akamshika mkono. Alipofika herufi ya mwisho, akafunga mkwaju, akaandika jina la faili, akabonyeza Enter, akajifunika uso wote.

Likatokea. Ambakisye_Isansa, na ile tarehe ya kwanza kuliko zote.

Bwana mifugo akakuna kichwa. Alikuwa mkweli, simlaumu. "Mwenyekiti, samahani. Neno lolote linaweza kubadilishwa hivyo. Na huyu ni mkwe wa mzee."

Mwenyekiti akamgeukia. "Wewe kwenu Morogoro, eti?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nikuambie. Mkamwana wa Kindali jina hilo haliandiki hata likiwa la kweli. La uongo ndiyo ataliandika?" Akavaa kofia yake. "Mkutanoni nitasema mimi mwenyewe."

Bwana mifugo akaangalia skrini, akamwangalia Atu ndani ya khanga, akafunga kalamu.

Mwenyekiti akasogea dirishani. "Mzee, jina lako limeonekana. Nenda kamuuguze mama."

Mzee hakugeuka. "Nani ameliandika?"

Hakuna aliyejibu. Akaelewa, niliuona mgongo wake unaelewa. Akaniita mimi, bado anatazama mikaratusi.

"Mama Tumaini. Mwambie mwanangu, jina ni langu, nami nimempa. Aliandike atakapo."

Atu alikuwa umbali wa meza mbili tu na alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo ujumbe ni ujumbe. Nikageuka nikamwambia: baba anasema jina ni lake, naye amekupa, uliandike utakapo. Akaitikia kwa kichwa, mabega yanatikisika chini ya khanga. Mimi nikaenda kuangalia friji ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mzee hakutengwa. Mkewe alifariki masika yale yale, na Isansa nzima ilikuja, hata waliopiga kelele zaidi mkutanoni. Wao ndio walishika majembe kwanza. Nilikwenda. Shabani naye alikuja, akasaidia kubeba maji.

Mtaniuliza vinasaba vilisema nini. Vilisema kirusi kile ni ndugu na cha barabara kuu, cha Tunduma na cha ng'ambo. Nani alikileta havikusema, na msije mkaviuliza swali hilo. Vinajua undugu, havijui mchawi.

Baadaye kidogo mzee akaanza kufuga kuku, na kuku wawili wakafa, akatuma sampuli. Atu akaipokea. Akaandika tarehe, akaandika Isansa, kisha akanisogezea lebo na kalamu.

"Mama, nimalizie hapo."

"Si alikupa?" nikamwuliza.

"Alinipa," akasema. "Ndiyo maana nalitunza." Akatoka kunawa mikono.